Dungu la Rufiji: Malazi ya Mlinzi wa Shamba

Kamusi hulieleza dungu kuwa ni ulingo ujengwao shambani kwa ajili ya mlinzi wa mazao. Katika bonde la Rufiji maana hiyo haitoshi, kwa kuwa dungu ni malazi pia. Mlinzi hufukuza ndege mchana na nguruwe usiku, na papo hapo hupika na kulala. Nguzo ndefu humwinua juu ya mafuriko, na juu ya viboko vile vile; mtumbwi hufungwa chini. Zamani kinga ya kazi hii ilikuwa katika ujenzi wenyewe, na katika majirani walioitana usiku kucha.

Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 Serikali iliwahamishia watu penye mwinuko, mathalani Ikwiriri. Mashamba yalibaki bondeni. Basi dungu likawa malazi ya upweke, na aghalabu hujengwa hafifu, la msimu mmoja tu. Kati ya 2002 na 2004 simba mmoja aliua watu zaidi ya 30 wilayani Rufiji, hata akapigwa risasi Aprili 2004. Nguruwe huwavuta simba mashambani, na nguruwe hao hao ndio wamkeshezao mlinzi.

Sheria ya Viwanda ya 1950 ilitazama mitambo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ilifika hata hotelini, na nyumba za wageni za Kibiti zimo: mhudumu akiumia, yuko mwajiri wa kuulizwa. Mkulima akianguka kutoka dunguni mwake usiku, hakuna.