Deadpool kabla ya muvi: anza na vitabu hivi

Watu wengi walimjua Deadpool mwaka 2016, Ryan Reynolds alipovaa lile vazi jekundu kwenye muvi. Wakacheka mpaka machozi, wakasema jamaa ni mchekeshaji. Sawa, ila kwenye vitabu vya katuni vya Marvel huyu jamaa ana zaidi ya miaka 30, na ukifuata historia yake unagundua kwamba waandishi waliomtendea haki ni wale walioona utani wake ni bandeji, kuna kidonda chini yake.

Alitokea mara ya kwanza kwenye New Mutants toleo la 98, lenye tarehe ya Februari 1991, kazi ya Rob Liefeld na Fabian Nicieza. Alikuwa muuaji wa kukodiwa, katumwa kummaliza Cable. Akapigwa, akafungwa, akarudishwa kwa bosi wake kama mzigo! Hata jina lake halisi, Wade Wilson, ni utani, maana wapinzani wao DC walishakuwa na muuaji wao anaitwa Slade Wilson.

Mwaka 1993 akapewa stori yake ya matoleo manne, The Circle Chase, na 1994 akapewa nyingine ya manne iliyoandikwa na Mark Waid. Zote zimo kwenye Deadpool Classic juzuu la kwanza. Zina raha yake, ila usianze nazo. Mdomo upo, moyo bado.

Moyo ulikuja 1997, Joe Kelly alipoanza kuandika na Ed McGuinness akachora. Hapa ndipo pa kuanzia. Kila mara kulikuwa na tishio la kitabu kufutwa, na Kelly amewahi kueleza kwamba hilo liliwapa uhuru: kwa kuwa kila mtu alijua kitakufa muda wowote, hakuna aliyekuwa anawachunga. Basi wakafanya walichotaka. Kwenye toleo la 11 Deadpool anarudishwa nyuma mpaka ndani ya kitabu halisi cha Spider-Man cha 1967, anachukua nafasi ya Peter Parker huku michoro ya zamani ikiwa vilevile. Ni kichekesho kweli kweli. Kwenye toleo la 28 adui yake Bullseye anamuuliza ni lini walionana mara ya mwisho, jamaa anamjibu kwa kutaja namba ya toleo! Yaani anajua kabisa kwamba yumo kitabuni.

Lakini kwenye nyumba hiyohiyo ya vichekesho anaishi Al, bibi kipofu. Wanataniana kutwa nzima kama bibi na mjukuu. Halafu taratibu unaelewa: huyu bibi ni mateka wake. Kuna chumba kimejaa vitu vyenye ncha kali, na anayemuudhi Deadpool anaweza kufungiwa humo. Ulikuwa unacheka, sasa kicheko kinakukwama kooni. Kelly anataka ujiulize kama mtu wa namna hii anaweza kubadilika, na hakupi jibu rahisi. Aliandika mpaka toleo la 33, mwaka 1999.

Cha pili ni Cable & Deadpool, matoleo 50, kuanzia 2004 mpaka 2008. Nicieza alirudi kumwandika mtu aliyesaidia kumuumba. Cable anataka kuiokoa dunia nzima, Deadpool anataka rafiki tu. Ugomvi wao mtamu, na ndani yake unaona jinsi mpweke anavyong'ang'ania mtu wa kwanza aliyemwamini.

Kuanzia 2008 Daniel Way aliandika matoleo 63, mengine mepesi sana. Ukitaka kucheka tu, haya yanatosha. Usitarajie zaidi.

Cha tatu, na pengine kinachouma kuliko vyote, ni The Good, the Bad and the Ugly, matoleo ya 15 hadi 19 ya mfululizo wa Gerry Duggan na Brian Posehn, yaliyotoka 2013. Declan Shalvey kachora. Deadpool, Wolverine na Captain America wanajikuta Korea Kaskazini. Wote watatu miili yao ilichezewa maabara. Deadpool alikuwa mgonjwa wa kansa aliyekubali majaribio kwa sababu hakuwa na njia nyingine, akatoka na uwezo wa kupona kila jeraha na ngozi iliyoharibika mwili mzima. Humu anagundua watu bado wanamkata kama nyama ya bucha, na wapendwa wake wameingizwa humohumo. Kuna kurasa ambazo mdomo wake, ule usio na breki, unanyamaza kabisa.

Soma Kelly kwanza ndipo ufike kwenye ukimya huo. Ukirudia muvi baada ya hapo bado utacheka, ila utajua anaficha nini.