Jina la Ubatizo na Mwenendo wa Mtu katika Ufipa

Katika kitabu cha ubatizo Mkristo huandikwa mara moja: jina lake, majina ya wazazi wake, jina la msimamizi wake, na tarehe. Tangu hapo atakumbukwa akioa na akizikwa, lakini kitabu hakina safu ya mwenendo wake. Kwa hiyo atakaye kujua kama Ukristo wa Ufipa uliingia mioyoni au ulikomea katika majina hana budi kuyatafuta majibu kwingineko, na hasa palipo na ugonjwa. Kwani kitanda cha mgonjwa ndipo mtu huonyesha anamtegemea nani.

Ukristo ulianzia chini ya nyanda hizo, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo Karema, na mwaka 1885 wakawakabidhi Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Wakazi wa kwanza wa misheni aghalabu walikuwa watu waliokombolewa utumwani na watoto wasio na jamaa. Kwao ubatizo ulikuja pamoja na kuta za boma, shamba, na usalama wa kulala usiku bila kuhofia kamba ya mateka. Wako waliosema kwamba watu kama hao walinunuliwa imani. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mwenye njaa haombi mkate kwa mkono mmoja na sala kwa mkono mwingine. Huomba kwa mikono yote miwili. Lililo kweli ni kwamba siku ya ubatizo haikuweza kuthibitisha kitu. Uthibitisho ulingojea miaka.

Mmoja katika waliokombolewa aliungojewa miaka mingi kuliko wengine. Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika bonde la mto Niger, nchi iitwayo Mali sasa. Aliibwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akanunuliwa na Mapadre Weupe katika Algeria. Lavigerie alikuwa na shauri lake: vijana wa Kiafrika wasomeshwe uganga wa kizungu, kisha waende barani wakiwa makatekista na matabibu pamoja, wakiishi kwa chakula na makazi ya wenyeji. Atiman alipelekwa Malta, akasomea utabibu huko, na mwaka 1889 akafika Karema. Nchi ile haikuwa yake. Lugha, chakula na homa zake zote zilikuwa ngeni.

Hakuondoka tena. Alitibu na kufundisha dini kwa miaka 67, hata alipofariki mwaka 1956. Aliukuta utawala wa Wajerumani ukiingia, akauona ukitoka, akaishi chini ya Waingereza, na Uhuru ukaja miaka mitano tu baada ya kifo chake. Alioa binti wa mtemi wa Wabende, na mwanawe Joseph akawa padre. Habari za maisha yake alizisimulia mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Si vigumu kumsifu mtu wa namna hii, na wasifu wa kimisheni hupenda kumfanya sanamu. Lakini jambo la kuangaliwa katika maisha yake si urefu wa miaka. Mtu aliyeuzwa kama bidhaa alikuwa na sababu nyingi za kuwachukia wanadamu, na elimu yake ilikuwa ya kumpatia mahali pengine penye raha. Yeye alikaa pale pale akisafisha vidonda vya watu wasio wa kabila lake. Wagonjwa hawakuhitaji kufasiriwa maana ya imani yake. Waliiona mikononi mwake, wabatizwa na wasiobatizwa.

Hata hivyo Karema ilikuwa na Atiman mmoja, na vijiji vilikuwa vingi. Imani ilipopanda nyandani, ikaota parokia kama Kate, Chala na Mwazye, na kufikia katikati ya karne ya 20 Wafipa wengi walikuwa Wakatoliki. Maswali ya ugonjwa yalibaki vijijini: mtoto amekufa, ni nani aliyemwua? Jina la Sumbawanga lenyewe, kwa maelezo yanayosimuliwa na wengi, lina maana ya kutupa uchawi.

Mwaka 1963 na 1964 swali hilo lilijibiwa kwa njia ya Kamchape. Waganga hao walizunguka vijiji vya Ufipa wakiwataka watu wote watoe pembe na dawa zao, wakawachanja ili wasiweze kuroga wala kurogwa. Mfano wao, Mchape, ulikuwa umetoka Nyasaland na kupita nchini humo miaka ya 1930. Serikali ilikuwa na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ya kuwazuia. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyechunguza habari hizo, aliona kwamba vijana ndio waliokuwa mbele, na wazee ndio waliotuhumiwa zaidi.

Ni rahisi kusema kwamba Mkristo aliyechanjwa alikuwa Mkristo wa jina. Lakini chanjo ile ilitafutwa na mwenye hofu, na hofu si unafiki. Isitoshe, aliyekataa kuchanjwa alijiweka hatarini kuitwa mchawi. Kipimo kilicho kigumu zaidi kilikuwa kwingine: jirani mzee alipotajwa mbele ya kijiji, aliyebatizwa pamoja naye alikaa upande gani? Aliyekwenda misa kila Jumapili angeweza kumsukuma mzee yule mbele, na aliyechanjwa kwa woga angeweza usiku kumpelekea chakula. Wote wawili wameandikwa katika kitabu kimoja, kwa wino mmoja.