Upeo wa Macho Ndani ya Ndege

Rubani aliyezingirwa na mawingu ni kipofu mwenye macho mazima. Ardhi haioni, upeo wa macho umetoweka, na sikio la ndani, ambalo humjulisha mtu kama yu wima au ameinama, humdanganya. Ndege ikizunguka polepole kwa muda, mwili huuzoea mzunguko ule na kuuhesabu kuwa mwendo ulionyoka. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi 20 wasiojua kuongoza ndege kwa vipimo peke yake. Walipozuiwa wasione nje, wote 20 walishindwa kuitawala ndege, na wastani wa muda wao ulikuwa sekunde 178.

Dawa ya upofu huo ilikuwa imekwisha kupatikana. Tarehe 24 Septemba 1929, James Doolittle aliruka kutoka Mitchel Field, New York, hali amefunikwa asione chochote cha nje, akazunguka, akatua salama. Aliongozwa na redio, na altimita ya Paul Kollsman iliyopima kimo kwa usahihi mkubwa, na upeo wa bandia wa kampuni ya Sperry. Moyo wa chombo hiki cha mwisho ni jairoskopu, yaani gurudumu liendalo kasi kama pia ya mtoto. Pia izungukapo haianguki. Na gurudumu hilo nalo hushika msimamo wake hata ndege ikilala ubavu.

Lakini chombo kupatikana ni jambo moja, na kuaminika ni jambo jingine. Sheria ya Marekani ya mwaka 1926 iliagiza ndege zikaguliwe na marubani wapewe leseni, na cheti cha kwanza cha aina ya ndege kilitolewa Machi 1927 kwa ndege iitwayo Buhl Airster. Kwa msingi huo, ndege yenye cheti haibadilishwi ovyo: chombo kipya hupimwa, namna ya kukifunga huidhinishwa, na fundi mwenye leseni huandika kazi yake na kuitia sahihi.

Usiku wa tarehe 3 Februari 1959 ulionyesha kwamba hata hayo hayatoshi. Ndege ndogo aina ya Beechcraft Bonanza iliruka kutoka Mason City, Iowa, ikaanguka baada ya dakika chache na kuwaua mwanamuziki Buddy Holly, wenziwe wawili, na rubani kijana wa miaka 21. Wachunguzi walieleza kwamba rubani hakuwa na idhini ya kuruka kwa vipimo, wala hakupewa habari kamili za hali ya hewa. Tena upeo wa bandia uliofungwa ndani ya ndege ile ulionyesha kupanda na kushuka kwa namna iliyo kinyume cha ule aliouzoea. Hivyo yumkini alidhani anapanda, kumbe anashuka. Chombo kiliweza kusema kweli, na msomaji wake asiijue lugha yake.

Baada ya miaka mingi likazuka tatizo la upande wa pili. Jairoskopu za ndege nyingi ndogo ziliendeshwa kwa pampu ya hewa. Pampu ikifa, gurudumu hupunguza mwendo kidogo kidogo, na upeo huinama bila ya kumwonya rubani. Vyombo vya elektroniki visivyo na gurudumu vilikwisha kupatikana kwa bei nafuu, na waliojiundia ndege zao wenyewe walivitumia. Mwenye Cessna 172 iliyo na cheti alizuiwa na gharama kubwa za uthibitisho, akaendelea kutegemea pampu. Sheria iliyowekwa imlinde ikawa inamnyima kinga.

Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani ililegeza njia ya kubadili vyombo hivyo, na mwaka 2016 iliidhinisha chombo cha elektroniki cha kampuni ya Dynon, kilichobuniwa kwa ndege za kujiundia, kifungwe katika baadhi ya ndege za Cessna na Piper. Haikuacha kukagua, ilipima hatari ya chombo kipya kando ya hatari ya kile cha zamani, kwani kukawia nako kuna wafu wake. Altimita hurekebishwa kila hali ya hewa inapobadilika, na kanuni nayo yahitaji kurekebishwa vivyo hivyo.