Chanzo cha ioni cha leza
Chanzo cha ioni cha leza ni kifaa kinachochagua elementi moja ya kinururifu kutoka mchanganyiko wa nyingi. Katika kituo cha ISOLDE cha CERN, karibu na Geneva, protoni hugonga shabaha, mara nyingi ya kabidi ya urani. Atomi zinazozaliwa huingia katika mrija wa metali wenye joto la takriban 2000 °C. Humo miali ya leza hupandisha elektroni ngazi kwa ngazi hadi ing’oke. Uzuri wake ni kwamba kila elementi ina ngazi zake za nishati, hivyo leza hutofautisha hata elementi zenye masi sawa, ambazo sumaku, inayochuja kwa masi tu, haiwezi kuzitenganisha. Hata hivyo, kuta za moto zenyewe huzalisha ioni za metali alkali zisizotakiwa. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya kutumia mbinu hii ya leza kupima nishati ya uionishaji (ya kuondoa elektroni) ya astatini, elementi adimu mno: 9.3175 eV.