Upara na Dhana ya Dhahabu

Mwezi wa Juni, mwaka 2017, polisi wa Msumbiji walitoa onyo la ajabu: wanaume wenye upara wajihadhari. Katika wilaya ya Milange, jimbo la Zambezia, karibu na mpaka wa Malawi, wanaume kadhaa walikuwa wameuawa, na maiti mmoja alikutwa hana kichwa. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba kichwa cha mwenye upara kina dhahabu ndani yake. Vijana wawili walikamatwa. Na msemaji wa polisi alieleza kuwa viungo vya marehemu vilikusudiwa kwa waganga, ili wawatajirishe wateja walioko Malawi na Tanzania.

Nchi hiyo ya pili ndiyo inayotupasa kuitazama. Kwa watu wa Songwe habari hii haikuwa ngeni yote. Mkoa wao ulizaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa Mkoa wa Mbeya; upande mmoja wapakana na Malawi, na upande mwingine na Zambia, hapo penye mji wa Tunduma. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mbozi ilipokuwa ingali wilaya ya Mbeya, watu waliuawa wakachunwa ngozi, na ilisemwa kuwa ngozi hizo zilivushwa mpaka kwenda kuuzwa. Habari za wachuna ngozi zilienea hata mikoa isiyopata kuona tukio lolote la namna hiyo. Mwanaanthropolojia Todd Sanders alizisikia kwa Waihanzu wa Singida, akaandika juu yake mwaka 2001, akizihusisha na mageuzi ya uchumi wa siku zile.

Nadhani alielekea penye ukweli. Reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ilipita Tunduma, na barabara kuu ya Zambia vivyo hivyo. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, ilionekana kana kwamba mtu aliyelala maskini aliweza kuamka na malori. Mbuni wa Mbozi huchukua miaka kadhaa kuzaa, na jirani aweza kuihesabu miche yako. Bali mali ya mpakani haina shamba la kuhesabiwa. Aliyeachwa nyuma aliuliza imetoka wapi, na mganga alikuwa na jibu la kumwuzia.

Basi na tukifunue kichwa chenyewe, kwa elimu si kwa shoka, tuone kama mna hazina. Unywele huota ndani ya kinyweleo, mfuko mdogo uliozama katika ngozi. Kichwa cha mtu mzima kina vinyweleo vipatavyo 100,000, navyo vilifanyika mtu angali tumboni mwa mamaye. Kila kimoja kina zamu zake: hukuza unywele kwa miaka 2 hadi 6, kadiri ya sentimita moja kila mwezi, hunywea kwa wiki 2 au 3, kisha hupumzika miezi ipatayo 3, unywele wa zamani ukaanguka na kazi ikaanza upya. Ndiyo maana mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku wala asiwe mgonjwa.

Upara wa wanaume hutokea zamu ya kukua inapofupika. Homoni ya kiume, testosteroni, hugeuzwa mwilini kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, na vinyweleo vya utosini na vya juu ya paji, kwa wale waliorithi wepesi wa kuitii, huanza kusinyaa. Kila unywele unaofuata huwa mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka ubaki ule laini, usioonekana kwa urahisi, ambao lugha yetu huuita laika, na wingi wake malaika. Neno upara lakaribiana na kitenzi kupara, kama kupara samaki, lakini hapa hakuna kilichokwanguliwa: vinyweleo vingi vingalimo, vimedhoofika tu.

Wayunani wa kale walikwisha kuona kwamba matowashi hawapati upara. Mwaka 1942 James Hamilton wa Marekani alieleza habari za wanaume ambao miili yao haikuwa ikitoa homoni ya kutosha. Nywele zao zilidumu. Lakini walipopewa homoni hiyo, wale wenye upara katika ukoo wao walianza kunyonyoka, na ilipokatizwa, kunyonyoka kukasimama. Mwaka 1959 Norman Orentreich alionyesha kwamba nywele za kisogoni zikihamishiwa utosini huendelea kuota kama zilivyoota kisogoni. Hukumu, basi, imo katika kinyweleo chenyewe. Mali haimo. Mtu hupata upara akiwa na ng'ombe 100 au hana hata kuku. Ila upara huzidi kwa umri, na mali nayo aghalabu hukusanywa kwa umri, hata macho yakaviona viwili hivyo juu ya mwili mmoja na kudhani kimoja ni mzazi wa kingine.

Kinyweleo hicho hicho ndicho kiutiacho unywele rangi, kwa seli zinazotengeneza melanini. Kwa ndugu zetu wenye ualbino seli hizo zimo, lakini rangi haitengenezwi, au hutengenezwa haba. Nao pia waliwindwa kwa ajili ya utajiri: kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, zaidi ya 70 waliuawa Tanzania kati ya mwaka 2000 na 2015. Aliyepungukiwa na nywele na aliyepungukiwa na rangi yake walifanywa bidhaa ya soko moja.

Sheria ya Uchawi tuliyoirithi kwa wakoloni ni ya mwaka 1928. Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi mwaka 2009, na Januari 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli. Hatua hizo humwelekea auzaye. Huko Milange waliotiwa mbaroni walikuwa vijana wenye umri wa miaka ipatayo 20. Wateja walitajwa kwa nchi zao tu, bila majina.