Neno "Cheti": Kutoka Mkononi mwa Tarishi hadi Mtandaoni

Miongoni mwa maneno yaliyozitumikia ofisi zetu kwa muda mrefu ni neno cheti. Asili yake ni Kihindi, na maana yake mojawapo ya zamani ni barua fupi ipelekwayo kwa mkono wa tarishi. Baadaye maana hiyo ilipanuka, tukapata cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na cheti cha shule. Katika matumizi haya ya baadaye, raia ndiye anayeonyesha cheti, na ofisi ndiyo inayokikagua.

Wilaya za Mbulu na Hanang, katika Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002, zinafaa sana kupimia istilahi. Wenyeji wengi wa huko hulelewa katika Kiiraqw au Kidatooga, na Kiswahili huwaunganisha shuleni na ofisini. Kwa hiyo neno cheti huwajia likiwa tayari na maana ya kiofisi.

Mwaka 1991 Linus Torvalds aliitoa Linux kwa mara ya kwanza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Hata hivyo, waifai ya ofisi imetuletea suala jingine. Kanuni iitwayo 802.1X, iliyotolewa mwaka 2001, huwezesha kila mtumishi kuingia kwa jina na nywila yake mwenyewe. Kabla ya kuipeleka nywila hiyo, kompyuta yapaswa kuutaka mtandao uonyeshe cheti chake, ili ithibitike kwamba ni wa mwajiri kweli, wala si wa tapeli aliyeupa mtandao wake jina lilelile. Hapa mambo yamegeuka: ofisi ndiyo inayoonyesha cheti, na mtumishi ndiye mkaguzi.

Tuchukue mfano wa karani aliye Katesh, mwenye kompyuta ya Linux. Dirisha la kuunganisha mtandao linamtaka achague faili la cheti, na karibu yake kipo kisanduku ambacho maneno yake, yakitafsiriwa moja kwa moja, ni "Cheti hakihitajiki". Mtu aliyezoea matangazo ya kazi atadhani amesamehewa sharti. Ataweka alama, mtandao utapatikana, na siku nyingine nywila yake yaweza kumfikia tapeli bila yeye kujua.

Kosa hapa si la karani, wala si la neno cheti. Kosa ni kumficha mwenye cheti. Twapendekeza isemwe "cheti cha mtandao", na kisanduku kile kisomeke "Usiukague mtandao huu". Hapo hatari itaonekana wazi. Mfasiri asiridhike kuuliza neno lipi lafaa. Yampasa aulize pia nani anamwonyesha nani.