Jumapili za Profesa Cole

Tarehe 31 Oktoba 1903, wanahisabati wa Marekani walikutana New York. Zamu ya Frank Nelson Cole, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, ilipofika, inasimuliwa kwamba alienda ubaoni bila kusema neno. Akazidisha 2 kwa 2 mpaka zikatimia 2 sitini na saba, akatoa 1. Akapata hii:

147,573,952,589,676,412,927

Kisha akahamia sehemu tupu ya ubao, akazidisha kwa mkono 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Jibu likawa lile lile. Akarudi kukaa. Watu wakapiga makofi.

Makofi ya nini sasa, kwa hesabu ya kuzidisha tu? Lazima turudi 1644. Mwaka huo Marin Mersenne, mtawa Mfaransa, alichapisha orodha ya namba za aina hii akidai ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Ya 67 ilikuwemo. Uthibitisho hakuleta. Sisi tusio na digrii huulizwa ushahidi hata tukisema mvua inanyesha. Yeye alikuwa na jina, basi madai yake yakakaa zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kwamba namba hiyo si tasa. Lakini hakutaja hata kigawo kimoja. Hebu fikiria hesabu za chama: pesa hazitimii, mwizi yupo, jina hakuna. Hali ilibaki hivyo miaka 27.

Kumtafuta mwizi ndiyo kazi. Kigawo chochote cha namba hii, ukikitolea 1, lazima kigawanyike kwa 134. Hiyo inafukuza washukiwa wengi, ila foleni bado ni ndefu: 193,707,720 ni 134 mara 1,445,580. Eti Cole alipoulizwa ilimchukua muda gani, alijibu kwamba ni Jumapili za miaka mitatu. Habari hiyo, pamoja na ile ya kunyamaza, tunaipata kwa Eric Temple Bell, aliyeiandika karibu nusu karne baadaye, na Bell alipenda kutia hadithi chumvi. Mimi naipenda zaidi makala aliyochapisha Cole mwenyewe. Humo hakunyamaza: alieleza njia yake, ili yeyote aifuate.

Leo kompyuta inavipata vigawo hivyo kabla hujapepesa jicho.

Orodha ya Mersenne nayo ilizidi kuvuja. Ya 61, aliyoiruka, ilikuwa tasa. Ivan Pervushin, kasisi wa kijijini Urusi, aligundua hilo mwaka 1883. Aliruka pia 89 na 107, na akaiweka 257 isiyostahili. Ukaguzi wa orodha nzima ulikamilika mwaka 1947, miaka 303 baada ya mtawa kuiandika.